Kifurushi Kinene

Haya yote ni kweli tupu, kweli ya kushika Biblia kwa mkono mmoja na Msahafu kwa mwingine. Hakuna kilichoongezwa humu, na mwenye shaka afunge safari mpaka Manyoni, akaulize kibarazani kwa Theodora, fundi cherehani. Ila asiende Jumamosi, maana Jumamosi atamkuta Mzee Kefa mwenyewe, naye atamhadithia mengine.

Mzee Kefa alistaafu reli akiwa na baiskeli, banda la kuku na maneno mengi. Kazi yake ilikuwa kubadilisha njia za treni. Kusoma hakufundishwa na mtu. Alijifunza mwenyewe kwenye maandishi ya chaki ubavuni mwa mabehewa: Tabora, Kigoma, saruji, karanga, ng'ombe. Ndiyo maana mpaka leo akishika kitabu huanza kwa kukitazama ubavu, ajue kimebeba nini na kinakwenda wapi. Hadithi zake zilifahamika stesheni zote. Kuna ile ya simba aliyepanda behewa la karanga Itigi akashuka Saranda, hakuna aliyethubutu kumdai tiketi. Kuna ile ya mvua ya Mitundu iliyonyesha samaki, tena waliokaushwa tayari.

Tangu mkewe afariki, Jumamosi ndiyo siku pekee aliyochana ndevu. Siku hiyo wasomaji walikutana kwa Theodora, naye alikuwa na kigoda chake pale, kando ya cherehani, ambacho hata mteja hakukikalia.

Wasomaji wenyewe walikuwa watano. Theodora mwenye kibaraza. Mwalimu Laurian, mstaafu wa shule ya msingi, mwenyekiti kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba si mwenyekiti. Shukuru, muuza dawa za mifugo. Gasto, mkulima wa mtama wa Kintinku, aliyekuja kwa basi kila shamba lilipomruhusu. Wa tano Mzee Kefa.

Kila Desemba walipeana vitabu kwa namna yao. Kila mtu alikifunga kitabu chake kwa gazeti, akakitumbukiza kwenye tenga bila kuonwa. Theodora akavishona vyote kwa cherehani ndani ya mabaki ya vitambaa, gazeti na yote, pande zote nne. Kisha kila mmoja akachota kimoja asichokijua. Shukuru ni Mwislamu, lakini alisema kitabu hakijawahi kumuuliza mtu anaswali wapi, na Idi ikifika walirudia vilevile. Uzi haukatwi mpaka siku ya Krismasi. Kabla ya hapo ruhusa kubadilishana na mwenzako, mradi uzi uwe mzima. Mwaka mpya ukiingia wanakutana, kila mmoja anasimulia alichosoma na kumtaja anayedhani ndiye mtoaji. Mtoaji wa kweli anasimama, wanapeana mikono, chai inamiminwa.

Januari iliyopita Mzee Kefa aliangukiwa na kitabu chembamba cha wakulima wawili waliogombea mpaka wa shamba. Yeye akasimulia kwamba mpaka ulichoka na kelele, ukaota miguu, ukahama wenyewe. Watu walicheka, isipokuwa Mwalimu Laurian, maana yeye ndiye aliyekitoa, na alikijua mstari kwa mstari. Akatunga sheria papo hapo. Mwakani, atakayesimulia kisichomo kitabuni, au atakayekata uzi kabla ya siku yake, ataacha kigoda chake mwaka mzima.

"Kigoda kitakuwapo," alisema Mwalimu, huku akimtazama Mzee Kefa. "Mwenyewe ndiye hatakuwapo."

Mzee Kefa alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za mkoa mwingine. Nyumbani hakula. Ukimnyang'anya kigoda kile, Jumamosi yake inakuwa kama Jumatano, na Jumatano yake ilikuwa ya kuongea na kuku.

Basi Desemba hii alipanda kibarazani akiwa macho kama mtu anayevuka reli. Na hakukosa cha kuona. Kwanza, Theodora na Mwalimu walikuwa wananong'ona. Alipobisha hodi wakanyamaza, na Mwalimu akakaa haraka mno, mgongo ukutani. Pili, walimwambia achote wa kwanza, eti mkubwa ndiye huanza. Mwaka jana mkubwa alichota wa mwisho, na hakuna aliyeukumbuka ukubwa wake. Tatu, juu kabisa ya tenga kulikuwa na kifurushi kinene cha kitambaa cha maua mekundu, kimelala peke yake kama mnofu juu ya ugali.

Mkono wa Mzee Kefa ulikwenda wenyewe. Vitu vinene alikuwa akivipenda tangu utoto.

Alipofika barabarani ndipo akasimama. Mbona kile kinene kiliwekwa juu? Nani asiyejua kwamba yeye huchukua kikubwa? Hata kwenye msiba wanamjua. Mtego wa panya hauwekwi jiwe, huwekwa dagaa.

Alifika nyumbani, akafunga mlango wa mbele, akafungua wa nyuma apate mwanga. Akachukua wembe. Mwalimu alisema uzi usikatwe, na Mzee Kefa alikuwa mtu wa sheria, hakukata, alifumua. Alifumua upande mmoja tu, akapenyeza vidole, akapasua gazeti kidogo, akachungulia.

Jalada la kijani. Mtu na punda, na magunia ya chumvi.

Wembe ukamdondoka.

Kitabu kile alikijua. Tuseme alilijua jalada lake. Miaka mingi nyuma treni ilisimama Manyoni ikingoja nyingine ipite, na dirishani alikaa abiria anasoma kitabu cha kijani. Mzee Kefa alisimama chini na bendera yake, akaisoma picha, akalisoma jina, treni ikaondoka. Hicho ndicho alichosoma. Lakini mwaka huu, siku moja ya Juni hadithi zilipokauka kibarazani, alisema kuna kitabu kimoja kinene cha wauza chumvi, amekimaliza chote. Wakamwomba awasimulie. Akawasimulia Jumamosi mbili mfululizo: muuza chumvi alimwajiri fisi awalinde punda wake, mshahara wake mifupa, na fisi akawa mwaminifu kuliko wanawe, mpaka siku mifupa ilipokwisha. Theodora alisimamisha cherehani kumsikiliza. Cherehani ile haisimami hata umeme ukikatika, maana ni ya miguu.

Sasa kitabu kile kiko mapajani mwake. Akikisimulia kama kilivyo, watauliza fisi amekwenda wapi. Akimrudisha fisi, mtoaji atasimama aseme hamna fisi, maana mtoaji lazima amekisoma. Huku kigoda kinakwenda, kule kigoda kinakwenda.

Na huyo mtoaji ni nani? Alianza na Mwalimu Laurian, mwenye masanduku ya vitabu chini ya kitanda, mwenye kunong'ona. Akaja kwa Shukuru, ambaye husafiri Dodoma kununua dawa na angeweza kukitafuta huko. Akaja kwa Theodora, aliyelishika tenga. Huyo akamtoa, kisha akamrudisha, kwa sababu wema ukizidi nao una lake. Gasto peke yake ndiye ambaye hakumshuku. Gasto alikuwa mtu wa kusikiliza, anasoma polepole kwa kidole, na akicheka hucheka keshokutwa.

Kwa hiyo akamchagua Gasto.

Alitafuta sindano ya marehemu mkewe, akaushona ule upande. Alishona kwa bidii, macho yakimtoka maji, kama alivyozoea kushona magunia ya mahindi. Akakisogeza kifurushi mbali, akakitazama kwa jicho moja. Hakuna binadamu atakayejua.

Kesho yake alipanda basi la Dodoma, akashuka Kintinku. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na watu wote walikuwa mashambani. Alimkuta Gasto na jembe, tope mpaka magotini. Gasto akaweka jembe chini, akamwamkia shikamoo, akatafuta mahali pakavu pa kumkalisha mgeni, akakosa, akageuza ndoo.

Mzee Kefa aliitikia marahaba, akaongeza na salamu ya Kigogo, mbukwenyi, ili moyo wa mwenyeji ulainike. Akasifia mtama. Akasifia mbegu, udongo na mama wa Gasto. Akahadithia tembo aliyewahi kupalilia shamba zima hapo Kintinku kwa kumwogopa bwana shamba. Gasto akangoja.

"Umekuja kwa ajili yangu, baba, au kwa ajili ya hicho kilicho kwapani?"

"Nimekuja kukuona. Hiki kimenifuata tu." Mzee Kefa akakitoa. "Ila kwa kuwa kimefika, tungebadilishana. Kinene kinamfaa kijana. Macho yangu yamechoka, mwanangu. Herufi ndogo zile zinanitoa machozi."

Gasto alifuta mikono kwenye suruali, taratibu.

"Umejuaje ni ndogo?"

Mzee Kefa akakipima kifurushi kwa mkono.

"Kitabu kinene kina maneno mengi," alisema. "Maneno mengi yakibanana lazima yawe madogo. Ni kama abiria wa sikukuu."

Gasto akaenda nyumbani, akarudi na kifurushi chembamba cha kitambaa cha bluu, uzi mzima. Akakitoa kwa mikono miwili, akakipokea kinene kwa mikono miwili. "Sawa, baba," akasema. Hilo tu.

Njia nzima kurudi Manyoni lile "sawa, baba" lilimkaa Mzee Kefa kama mwiba wa samaki. Mtu hawi mwepesi namna ile bila sababu. Mbona hakubisha? Mbona alikishika kifurushi upande wa mshono? Huenda Gasto naye yumo. Huenda na kile chembamba ni mtego wa pili, umewekwa nyuma ya ule wa kwanza, wa kumnasa anayekimbia.

Hiki cha pili hakukigusa. Alikiweka juu ya kabati, akakitazama asubuhi, akakitazama jioni, nacho kikamtazama. Siku ya Krismasi alitoka kanisani, akakata uzi kihalali kabisa mbele ya kuku wake, akafunua gazeti.

Ufugaji wa nyuki. Kitabu chake mwenyewe, alichokitumbukiza mwenyewe kwenye tenga kwa sababu kilikuwa chembamba na hakikumuuma kukitoa.

Kwanza aliona haya. Kisha akacheka mpaka kuku wakatawanyika. Kitabu pekee cha kibarazani alichokisoma kweli, kurasa zote, na picha za mizinga, kilikuwa mkononi mwake. Angekisimulia neno kwa neno. Hata Mwalimu Laurian na kidole chake cha chaki asingepata pa kugusa.

Januari walikutana. Mzee Kefa alikalia kigoda chake, ndevu zimechanwa, akaanza kuwachunguza mmoja mmoja. Jambo la kwanza likafunuka lenyewe: Mwalimu Laurian alipoinuka kufungua kikao, suruali yake ilionekana imetiwa kiraka kipya makalioni. Kumbe kule kunong'ona kulikuwa kwa suruali iliyopasuka. Mzee Kefa akatulia kidogo.

Mwalimu akasimulia kitabu chake cha tiba za asili, akamtaja Gasto, na kweli Gasto akasimama. Theodora akasimulia cha mke wa nahodha wa meli, akamtaja Shukuru, Shukuru akasimama. Shukuru akasimulia cha historia ya misafara, akamtaja Mwalimu, naye akasimama akiwa ameshika kiraka. Ikafika zamu ya Gasto.

"Mimi sijafungua," alisema Gasto. Akakiweka kifurushi cha maua mekundu magotini. "Mzee Kefa atangulie. Nitafungua hapahapa."

Chai ilimpalia Mzee Kefa. Lakini zamu ni zamu. Akasimulia nyuki. Alisema mzinga utundikwe mbali na njia, kivulini, karibu na maji. Alisema moshi usizidi. Alisema malkia ni mmoja. Alikwenda hivyo kutoka mwanzo mpaka mwisho, hakuna nyuki aliyeongea, hakuna asali iliyopanda treni.

"Unaumwa, Mzee Kefa?" aliuliza Shukuru.

"Sijambo."

"Mimi naona kuna kitu," alisema Theodora. "Huyu hajawahi kusema jambo mara moja likaisha."

Mtu alisimulia kweli mara ya kwanza maishani mwake, na kibaraza kizima kikamwona mwizi. Mwalimu Laurian akavaa miwani. Akamtaka amtaje mtoaji. Mzee Kefa alikuwa amelipangia hilo: akatulia, akakuna kidevu, akamtaja Theodora.

Theodora akatikisa kichwa. Si yeye.

Mwalimu akaanza kukunja vidole kama yuko mbele ya darasa la tatu. Gasto kasimama. Shukuru kasimama. Yeye Mwalimu kasimama. Theodora anasema nyuki si wake.

"Basi kabaki nani?" aliuliza. Kidole kilichobaki kilikuwa kinamwelekea Mzee Kefa.

Mzee Kefa alikunywa chai mpaka chini. Kisha akafungua mikono. Ndiyo, ni chake, kimerudi kwake kama mbuzi anayejua zizi. Alibadilishana na Gasto, na kubadilishana kunaruhusiwa. Wapi sheria ilisema mtu asirudishiwe chake? Amesimulia kilichomo, hakuzidisha. Sheria ilikuwa upande wa Mzee Kefa, na Mwalimu alikuwa mtu wa sheria. Kwa muda wa kumimina kikombe kimoja, kigoda kilikuwa salama.

"Basi na mimi nifungue," alisema Gasto.

Akakiweka kifurushi juu ya meza ya cherehani. Theodora akachukua mkasi, akausogeza kwenye ukingo, akasita. Akaweka mkasi chini. Akapitisha kidole gumba upande mmoja, akageuza, akapitisha upande wa pili, wa tatu, akarudi kwenye ule wa kwanza.

"Pande tatu nimeshona mimi," alisema. "Huu wa nne ni mshono wa gunia."

Wote wakamtazama Gasto, maana kifurushi kilitoka kwake. Gasto akainamisha kichwa.

"Mzee aliniambia herufi ni ndogo," alisema, "na uzi ulikuwa bado mzima. Nikaona nisikiguse kabisa, nije nacho kama nilivyopewa."

Theodora akafumua mwenyewe, kwa vidole. Gazeti lilikuwa limepasuliwa pembeni. Jalada la kijani likatokeza, mtu, punda, magunia. Mwalimu Laurian hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Uzi ulikatwa kabla ya siku."

"Ulifumuliwa," alisema Mzee Kefa, lakini neno lile hata yeye hakulisikia vizuri.

Akainuka. Akakung'uta suruali, akakitazama kigoda, akatafuta la kusema. Simba hakuja, samaki hawakunyesha. Akageukia ngazi.

"Kaa," alisema Theodora. "Hiki nimekitoa mimi."

Mzee Kefa akageuka. Alikuwa amemtoa kwenye orodha ya washukiwa akamrudisha, akamtoa tena.

"Ulivyosimulia Juni nilishindwa kulala," alisema Theodora. "Nikaagiza Dodoma, wakanitafutia. Nilisema mtu atakayekipata atanishukuru. Nimekisoma mara mbili, Mzee Kefa. Mara ya pili nilisoma polepole, ukurasa kwa ukurasa, namtafuta fisi."

Shukuru ndiye aliyeanza, akageukia ukutani, mabega yakitikisika. Gasto akaangua kicheko siku hiyohiyo, bila kungoja keshokutwa. Hata Mwalimu Laurian alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. Mzee Kefa alisimama katikati yao, na kwa mara ya kwanza hakujua kama anachekwa au anafukuzwa.

Mwalimu akasema sheria ni sheria, kigoda kiachwe. Theodora akasema sheria ni ya Mwalimu, lakini kibaraza ni chake na kigoda ni chake, na yeye hataki kigoda kitupu, anataka malipo. Wakabishana kidogo, wakakubaliana. Mzee Kefa atabaki. Mwaka mzima hatasimulia kitu. Kila Jumamosi atakisoma kitabu cha kijani kwa sauti, neno kwa neno, kutoka mwanzo, na Gasto atakaa ubavuni kufuatisha kwa kidole. Mwalimu akaongeza jogoo, alipwe leoleo, kwa sababu ya uzi.

Mzee Kefa alikwenda na baiskeli, akarudi na jogoo amefungwa miguu. Akaanza kueleza kwamba jogoo huyu babu yake aliwahi kuwika akaamsha treni iliyolala. Theodora akanyoosha mkono. Akampa.

Kisha akakaa, akafungua kitabu. Herufi kweli zilikuwa ndogo. Akasoma kuhusu muuza chumvi, na kisima, na ndugu wawili wasiosemezana, na habari za ndugu wale zilikuwa ndefu, jua la Januari lilikuwa kali, na harufu ya jogoo ilishaanza kutoka jikoni kwa Theodora, naye kesharudi kwenye cherehani. Akalowesha kidole, akafunua, akaendelea kwa sauti ileile bila kumeza mate.

Gasto akaweka mkono juu ya karatasi.

"Umezifunua mbili, baba."

Cherehani ikasimama. Mzee Kefa akatazama barabara, akatazama jikoni, akawatazama wote mmoja mmoja. Kisha akarudisha karatasi nyuma, akaanza upya pale alipoishia.